Sauti ya Mwalimu Ndala

Kabla hajawa sauti ya Mjapani, Anatoli Mihayo alikuwa mtu wa kupaka mafuta mashine katika kiwanda cha kuchambua pamba pale Bariadi. Wakati huo hakuna aliyemjua kwa sauti yake, maana mashine zikishawashwa, watu wa kiwandani huongea kwa mikono.

Kiwanda kilikuwa cha ushirika. Soko huria lilipokuja, wanunuzi binafsi wakaanza kupita Ngulyati na vijiji vingine na malori yao na mizani yao, wakichukua pamba mlangoni kwa mkulima. Maghala ya ushirika yakabaki na popo. Msimu mmoja kiwanda kilinguruma kwa muda mfupi tu, msimu uliofuata hakikuwashwa kabisa. Wafanyakazi wakaitwa uwanjani wakasomewa majina ya waliopunguzwa. Kuna waliolia, kuna waliotukana. Mkewe Lukresia anasema Anatoli alirudi nyumbani, akanawa grisi mikononi mpaka kwenye kucha, akakaa kwenye kigoda, akauliza kama kuna maji ya kunywa. Basi.

Alikuwa mtu aliyependa kusoma, ila shule haikumpenda. Alipomaliza la saba Ngulyati, miaka ile ya nafasi chache, alikuwa wa pili darasani, na sekondari akachukuliwa wa kwanza peke yake. Jambo hilo hakulizungumza hovyo. Lakini binti yao mkubwa, Benedikta, alipochaguliwa kuingia kidato cha kwanza pale pale mjini, Anatoli alimsindikiza mpaka getini siku ya kwanza, akasimama nje mpaka kengele ilipogongwa, na hata baada ya hapo hakuondoka.

Jumapili alikuwa msomaji kanisani. Hapo ndipo Marcelo alipomsikia. Marcelo alikuwa na duka la redio kaseti, na nyuma ya soko alikuwa amejenga banda la video: mabati juu, magunia ya pamba ukutani kuzuia mwanga, benchi za mbao, na jenereta iliyofungiwa kwenye kibanda chake ili kelele zake zisimeze sauti ya filamu. Tatizo lake lilikuwa lugha. Watu walitazama wanaume wakipigana mateke bila kujua wanagombea nini.

"Baba Benedikta," Marcelo alimwambia baada ya misa, "Kiingereza unakijua?"

"Kidogo sana."

"Kinatosha. Hao watazamaji wangu hawana hata hicho kidogo."

Ndivyo Anatoli alivyopewa maiki. Alikaa pembeni ya televisheni, uso umeelekea kioo, akatueleza. Wakiongea Wachina, alitueleza. Wakiongea Wahindi, alitueleza. Sisi tuliokaa benchi za mbele tulijua vizuri kwamba hajui Kichina wala Kihindi, lakini alikuwa akimtazama mtu usoni kwenye kioo na maneno yanayomtoka yanamkaa yule mtu sawasawa. Mwanamke akilia, Anatoli alilia kidogo. Vikongwe waliokuwa wakiita televisheni uchawi walikuja kumsikiliza yeye.

Katika sekondari ile aliyosoma Benedikta palikuwa na mwalimu wa hisabati, kijana wa kujitolea kutoka Japani, anaitwa Hiroshi. Muda wake ulipokwisha aliuza vitu vyake, na Marcelo akachukua televisheni, deki, na boksi zima la kanda. Anatoli alikwenda naye kuzibeba. Ndani ya boksi mlikuwa na mechi za mpira wa miguu, katuni, na kanda kadhaa ambazo Hiroshi alizishika kama mtu anayeshika mayai.

"Hii ni tamthilia," alisema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Dada yangu alirekodi nyumbani, akatuma. Mwalimu. Mwalimu wa sekondari. Mwalimu mbaya. Lakini mzuri."

"Mbaya kivipi?" Anatoli akauliza.

Hiroshi akatafuta maneno. "Zamani anauza tambi barabarani. Na mkokoteni. Halafu anakuwa mwalimu. Hajui sheria. Mwanafunzi haji shule, yeye anakwenda nyumba ya mwanafunzi. Anakaa mlangoni. Anapika."

"Anapika mlangoni kwa watu?"

"Ndiyo. Mpaka wanafungua."

Anatoli alicheka mpaka akakaa juu ya boksi. Kisha akauliza mwisho wake unakuwaje. Hiroshi akasema wanafunzi wote wanamaliza shule, wote, hata wale wabaya. Kesho yake akapanda basi la Mwanza, na pale Bariadi hakubaki mtu wa kuulizwa neno la Kijapani.

Kanda hizo zilionyeshwa Jumapili mchana, baada ya ibada, sehemu moja kila wiki. Kwenye kioo tulimwona mwalimu mwembamba, nywele hazijachanwa, akiingia darasani amevaa ndala. Banda zima lilicheka. Anatoli akamwita Mwalimu Ndala, na jina halikutoka tena. Katikati matangazo ya biashara ya huko kwao yalikuwa yanaingia, msichana akiosha nywele, na Anatoli alitangaza kwa sauti ile ile ya heshima: "Hii ni sabuni, ndugu zangu, tuvumilie." Hata hayo watu waliyapenda.

Lakini kadiri wiki zilivyokwenda, vicheko vilipungua. Mwalimu Ndala alikaa mlangoni kwa mwanafunzi mmoja mpaka mvua ikamnyeshea, akakinga sufuria yake kwa koti. Anatoli alivuta maiki karibu, akasema kwa niaba yake: "Mimi sikuja kukuhesabu. Nimekuja kukujua." Siku nyingine mwalimu alisimama mbele ya wenzake ofisini, mikono mfukoni, na Anatoli akasema: "Mtoto si pamba, useme huyu daraja la kwanza, huyu fifi, umtupe pembeni." Wakulima wote mle ndani waliguna. Fifi ni pamba chafu, na kila mmoja alishawahi kurudishiwa mzigo wake kwa jina hilo. Tulijua fika kwamba Wajapani hawana fifi. Hatukujali.

Benedikta alikuwa kidato cha tatu wakati huo. Alikaa upande wa akina mama, mgongo umenyooka, na nyumbani alikuwa akiyarudia maneno yale huku akipepeta mahindi. Lukresia alimsikia.

"Hayo ni ya baba yako," alimwambia. "Yule mtu wa kwenye kioo anafumbua mdomo tu."

"Baba anatafsiri, mayu."

"Haya."

Kisha ikaja sehemu ambayo watu wa Bariadi wanaikumbuka mpaka leo. Mwanafunzi alisingiziwa wizi. Darasa lake lote likatoka nje likakaa uwanjani, kimya, halitaki kuingia mpaka mwenzao asafishwe jina. Wakakaa. Mkuu wa shule, mzee mwenye suti na miwani, akawatazama dirishani. Mwisho akatoka, akasimama mbele ya yule mtoto, akainama. Aliinama sana, mpaka tukaona utosi wake. Alisema maneno machache tu, na Anatoli akayapa muda kabla ya kuyasema: "Nimekosa. Mtu mzima naye hukosa. Naomba radhi."

Mzee mmoja nyuma yangu akauliza kwa Kisukuma kama ni kweli yule mkubwa amemwinamia mtoto.

Haikupita muhula, jambo likatokea pale sekondari. Darasani kwa Benedikta palikuwa na kijana anaitwa Thomasi, ametoka Lingeka, mtoto wa wafugaji, mpole, Kiswahili chenyewe kilikuwa kinamtoka kwa kukitafuta. Asubuhi ya paredi mwalimu wa nidhamu alimuuliza swali kwa Kiingereza. Thomasi akashtuka akajibu kwa Kisukuma. Wenzake wakacheka. Mwalimu alimpiga kofi la sikio, mkono wote, na Thomasi akaanguka kwa magoti. Damu kidogo ikatoka sikioni. Zahanati walimwekea pamba na kumwambia asiogelee. Tangu siku hiyo, ukimwita kwa upande wa kushoto, hageuki.

Wanafunzi walisubiri waone kitakachofanyika. Hakikufanyika kitu. Basi asubuhi moja kengele ikagongwa, na kidato cha tatu chote kikatoka kikakaa uwanjani, karibu na mlingoti wa bendera. Walikaa kimya vile vile walivyoona. Vidato vingine vikaja navyo vikakaa.

Mkuu wa shule akatoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na walimu wachache, mabweni yanavuja, na wakubwa wilayani na mkoani Shinyanga waliotaka kusikia kwamba shule ni tulivu. Akauliza wanataka nini. Waliangaliana. Mpango wao ulikuwa wa kukaa tu, hakuna aliyekuwa amefikiria nani atasema. Benedikta akasimama.

"Mwalimu, shikamoo. Mtu mzima naye hukosa. Tunaomba Thomasi aombwe radhi."

"Na nani?"

"Na mwalimu aliyempiga. Hapa hapa mbele yetu."

Mkuu wa shule akamsogelea. "Maneno hayo umefundishwa na nani?"

Benedikta akajibu ukweli. "Mwalimu Ndala."

Wanafunzi wakacheka, si kwa dharau, kwa furaha tu ya kulisikia jina lile mahali pale. Kicheko hicho ndicho kilichoharibu mambo. Mkuu wa shule aligeuka akaingia ofisini, na kabla ya adhuhuri polisi wakawa wamefika na gari. Hakupigwa mtu. Wanafunzi waliambiwa wafunge masanduku yao waende nyumbani, warudi na wazazi.

Anatoli alipata habari akiwa dukani kwa Marcelo anafuta vichwa vya deki. Alikwenda shuleni hivyo hivyo, na kitambaa mkononi. Yeye aliyemsemea mkuu wa shule wa Japani, na walimu wake, na wazazi wao, aliingia ofisini akakosa pa kuanzia. Alisalimia mara mbili.

"Mkuu," alisema mwishowe, "yale maneno si ya mtoto. Ni yangu mimi."

"Yako kivipi?"

"Mimi Kijapani sikijui. Yule mtu kwenye mkanda sijui anasema nini. Natunga. Lile la mtu mzima hukosa nililitunga mwenyewe, nilipoona tu alivyoinama. Kwa hiyo kama ni kosa, lihesabiwe kwangu. Mtoto alidhani ni la kweli."

Mkuu wa shule alivua miwani. "Mzee Mihayo, unaelewa unachoniambia? Unaniambia wewe ndiye uliyewapa maneno ya kugoma."

"Hapana. Ninachosema..."

"Mimi nimekuelewa. Sijui bodi ya shule watakuelewaje." Kisha, kwa sauti ya chini, kama anayemsaidia: "Mlete binti amwombe radhi mwalimu mbele ya walimu wote. Nitakuwa na kitu cha kuwaambia."

Nyumbani Benedikta alikataa. Hakupiga kelele, alikuwa anamenya viazi, akasema tu kwamba aliyepasuliwa sikio ni Thomasi. Anatoli akakaa chini mbele ya binti yake, chini kabisa kwenye udongo, jambo ambalo baba hafanyi.

"Mayu," alimwita hivyo, yaani mama, kama baba wa Kisukuma anavyomwita binti anayemheshimu, "najua. Mimi najua kuliko wewe. Lakini mimi nilikosa sekondari kwa mtu mmoja tu mbele yangu. Nenda ukapige magoti. Magoti yanaoshwa."

Kesho yake akaenda. Alipiga magoti kwenye sakafu ya ofisi ya walimu, Anatoli akiwa amesimama mlangoni. Mwalimu wa nidhamu alikuwa anakunywa chai. Benedikta alisema, "Naomba radhi, mwalimu, nimekosa," na mwalimu akamwambia aseme kwa Kiingereza, akasema kwa Kiingereza. Mwalimu akasema sawa, inuka. Njiani kurudi Anatoli alijaribu kumshika mkono, na Benedikta akauhamishia mkono huo kwenye mfuko wa vitabu.

Bodi ilikaa baada ya wiki kadhaa. Wanafunzi karibu wote walirudishwa, kwa viboko na kufyeka nyasi. Benedikta na vijana wawili walifukuzwa. Mjumbe mmoja alimweleza Anatoli baadaye, kwa kumhurumia, kwamba binti angeweza kupona, maana aliomba radhi vizuri, lakini ilisomwa taarifa kwamba baba mwenyewe amekiri kumpa mwanawe maneno ya uchochezi, na wajumbe wakaona nyumba hiyo ina tatizo.

Alihangaika. Alikwenda wilayani, akaambiwa suala ni la bodi. Akapanda basi mpaka Shinyanga, akakaa kwenye benchi la ofisi ya elimu kutwa nzima, na msichana wa mapokezi akamwambia kwa upole kwamba anayehusika yuko semina. Padri aliandika barua, halikuja jibu. Thomasi mwenyewe alikuja nyumbani kwao siku moja, akasimama uani akizungusha kofia, akasema yuko tayari kwenda kueleza. Lukresia akamkaribisha uji. Alipokunywa akaondoka, na ilikuwa wazi kwa kila mtu kwamba hakuna pa kwenda kueleza. Kijana huyo alimaliza kidato cha nne salama. Katika mgomo wote hakuwa amesema neno lolote.

Wakati huo huo bandani watu walikuwa wanadai sehemu ya mwisho. Marcelo aliahirisha kwa hofu ya wilaya, mwishowe akaona afadhali amalize.

"Baba Benedikta, usitie habari ya shule," alimsihi. "Sema wanaagana tu. Maliza, tuanze mikanda ya Wahindi."

Jumapili hiyo palijaa mpaka nje. Mimi nilikuwa benchi la pili. Kwenye kioo wanafunzi wamevaa sare mpya, mvua ya maua meupe inadondoka, na Mwalimu Ndala amesimama mbele yao anataka kusema. Akafumbua mdomo. Tukasubiri. Anatoli alishika maiki, akamwangalia yule mtu kwenye kioo kama alivyozoea, kisha akatugeukia sisi. Hakuwahi kutugeukia kabla ya siku ile.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi sijui anasema nini."

Banda likalipuka kwa kicheko. Watu walipiga benchi. Wengine walirudia, "Sijui anasema nini!" wakidhani ndiyo maneno ya mwalimu, maana yalifanana naye kabisa, mwalimu asiyejua sheria. Anatoli alisubiri kicheko kiishe.

"Nasema kweli. Sijawahi kujua."

Wakacheka zaidi. Mama mmoja alifuta machozi kwa khanga. Nilimwona Anatoli akitazama nyuso zetu moja moja, akitafuta hata mmoja ambaye hacheki, na nasikitika kusema kwamba nami nilikuwa nimeanza kucheka kabla sijaona macho yake. Aliweka maiki juu ya deki, akatoka kwa kupita katikati yetu. Marcelo akakimbilia maiki, akatangaza wanafunzi wote wamefaulu, wote wamepata kazi. Watu wakapiga makofi.

Hakurudi tena kwenye banda. Marcelo alimtuma mtu, kisha akaja mwenyewe, kisha akatafuta msemaji mwingine. Kanisani pia aliomba apumzishwe usomaji. Alirudi Ngulyati kulima pamba, akiiuza kwa hao hao wanunuzi wa malori, na mtu akimtania njiani kwa jina la Mwalimu Ndala aliitikia salamu na kupita. Yule mwalimu wa nidhamu alihamishiwa wilaya nyingine, akaagwa kwa soda na mbuzi.

Benedikta alipelekwa Mwamanyili kwa dada yake Lukresia, ambako wanalima mpunga. Ilisemekana ni kwa muda, mpaka itafutwe shule nyingine. Shule ilitafutwa. Moja ilitaka barua ya uhamisho ambayo isingeweza kupatikana, nyingine ilikuwa ya binafsi na mbali. Baadaye baba yake alisikia kuna mtihani wa watu wa nje, akaenda kumweleza, akiwa amebeba vitabu vya mitumba kwenye mfuko wa salfeti, ule wa mbolea.

Alimkuta yuko jarubani, maji ya matope yamefika magotini, anapandikiza mpunga na wanawake wengine. Alitoka, akanawa, akamsalimia kwa kupiga goti kidogo kama inavyotakiwa, akamletea kiti na maziwa ya mgando. Akavitazama vitabu, akafungua kimoja, akakifunga taratibu.

"Wabeja, baba," alisema. Ahsante. "Vikae hapo ndani."

"Utavisoma?"

"Nitaviangalia."

Anatoli akanywa maziwa. Alimuuliza habari za mpunga, akaambiwa mwaka huu maji yapo. Akauliza habari za mama mdogo, kumbe mama mdogo alikuwa amesimama pale pale. Wakacheka kidogo wote watatu. Alikuwa na neno la kumwomba radhi binti yake. Alilitafuta njia yote tangu Ngulyati, akaliona likiwa tayari, na sasa lilikuwa limepotea. Benedikta alisubiri kwa adabu, mikono imekunjwa, matope yakikauka kwenye miguu yake. Wanawake walikuwa wanamwita jarubani.

"Nenda," Anatoli alisema. "Wasikumalizie mstari wako."

Akaenda. Baba yake alikaa kwenye kile kiti mpaka jua likageuka, akiwaangalia wakirudi nyuma nyuma wameinama, miche ikisimama mbele yao katika mistari, kisha akamuaga shemeji yake, akatembea kwenda barabarani kungojea gari.